Kibuyu Kilichotoa Shule Nzima Nje

Nimeaibika leo. Si kidogo. Mpaka mwalimu wa zamu alikaa chini ili acheke vizuri.

Nianze asubuhi. Nilipita stendi kuchukua mzigo kwa dereva wa Noah ya Butiama. Bibi alikuwa amenitumia kibuyu cha maziwa mgando. Usiku alinipigia simu: "Nyangeta, hayo ndiyo ya mwisho. Unywe polepole." Ya mwisho kweli, maana juzi baba kauza ng'ombe wa bibi aliyebaki. Magoti ya bibi hayawezi tena kazi ya zizi. Mwezi ujao anahamia kwetu Kigera, hapa mjini, na sisi tunapikia gesi, hakuna kuni za kufukizia kibuyu.

Pale pale stendi nikanusa kizibo cha gunzi. Jamani! Nilikuwa na miaka sita tena. Bibi alikuwaga anachukua kijinga cha moto, anakisugua ndani ya kibuyu, moshi unatoka shingoni mwa kibuyu kama kinavuta sigara. Mimi nipo pembeni, machozi yananitoka, na siondoki. Ananifukuza: "We mtoto, nenda ukacheze!" Siendi. Nangoja kulamba kizibo.

Muda wa kurudi nyumbani haukuwepo. Nikatia kibuyu kwenye begi, nikaenda shule.

Sasa, shule tumeletewa kifaa cha kupima moshi na gesi hewani. Kidogo kama kiberiti, unakichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, rangi inatokea kwenye skrini. Kijani, hewa safi. Nyekundu, hatari. Madam wa fizikia alinichagua mimi nikionyeshe darasani (kwa sababu siongeagi, akadhani nitakuwa mwangalifu).

Nikaingia maabara, begi nikaliweka mezani, nikachomeka. Nyekundu!

Madam akashtuka. "Gesi inavuja! Wote nje!"

Tukatoka mbio. Madarasa ya jirani yakatuona, na yenyewe yakatoka. Kengele ikapigwa. Shule nzima mstarini, na mimi na begi langu. Mkanda wake umekatika, kwa hiyo nilikuwa nimelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Madam akafunga mtungi wa gesi, akafungua madirisha, akanirudia. "Njoo tupime kila sehemu. Mimi nitabeba kompyuta, wewe shika kifaa."

Nikakiweka kifaa juu ya begi, kisidondoke. (Naomba msiseme kitu. Bado.)

Maabara: nyekundu. Maktaba: nyekundu. Ofisi ya mkuu wa shule: nyekundu zaidi, maana humo madirisha hayafunguliwi. Mstarini watu wakaanza kunong'ona kwamba mkuu amekuwa akivuta sumu tangu tuko form one, ndiyo maana ana hasira.

Tukaenda mpaka kwenye mlingoti wa bendera, peupe kabisa, upepo wa ziwa unapiga. Nyekundu.

"Kwa hiyo Musoma yote imeharibika?" mkuu akauliza.

Mtu nyuma akasema, "Ni dagaa wa soko la Mwigobero hao." Macho yote kwa rafiki yangu Mwajuma, ambaye baba yake anauza dagaa.

"Msiniangalie mimi!" Mwajuma akafoka. "Dagaa wetu wanaanikwa juani, na leo nimeoga mara mbili!"

Hapo upepo ukageuka, ukaniletea harufu puani. Moshi. Bibi. Nikajua.

Nikafungua mdomo niseme. Mdomo ukagoma. Mkuu ameshatoa simu awaite zimamoto. Nikamsogelea, nikasema:

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Si umenisalimia asubuhi?"

"Ndiyo, mkuu."

(Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu.)

Nikaona bora vitendo. Nikampa Madam kifaa, nikaenda kuliweka begi mbali, kwenye majani. Kidogo kidogo, njano. Kisha kijani. Madam akaitazama skrini, akanitazama mimi, akaniambia nilirudishe. Nyekundu. Nilipeleke. Kijani. Shule nzima: "Ooooh!"

"Nyangeta!" Mwajuma akapaza sauti. "Umebeba nini, maiti?"

Mkuu akafungua begi mwenyewe. Akainua kibuyu juu, watu wakione. Kizibo kilikuwa kimelegea, maziwa yanachuruzika kwenye mkono wa shati lake jeupe.

"Hiki ndicho kimenitoa ofisini? Kamwageni!"

Na mimi, ambaye hata jina langu hulitamka kwa kunong'ona, nikapiga kelele: "Msimwage! Ni ya bibi! Ni ya mwisho!" Sauti ikakatika katikati, ikatoka kama ya mbuzi. Halafu nikalia. Mbele ya form one mpaka form four. Kamasi pia zilikuwepo.

Mwalimu Magesa wa jiografia akaja taratibu, akainamisha pua kwenye kibuyu. Akafumba macho.

"Huyu bibi yako ni wa wapi?"

"Butiama, sir."

"Mama yangu alikuwaga anafukiza hivi hivi," akasema. Akanusa tena. "Tangu afariki sijaisikia hii harufu." Sauti yake na yenyewe ikawa ya mbuzi kidogo, na hakuna aliyemcheka yeye.

Mkuu akapunguza ukali. "Sawa, yasimwagwe. Lakini lazima tuhakikishe ni salama."

Kikombe kikaja kutoka ofisi ya walimu. Mwalimu Magesa akahakikisha. Madam akahakikisha. Mwalimu wa zamu akahakikisha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuwa na uhakika. Mkuu, aliyesema yeye ni mtu wa Bunda, kwao ni wavuvi na maziwa si mambo yake, alifuta sharubu akauliza kama kuna sukari.

Nikarudishiwa kibuyu. Chepesi. Nilikaa nyuma ya darasa, nikakigeuza juu ya mdomo, likashuka funda moja. Tamu jamani. Lina moshi wote wa utoto wangu ndani.

Msinicheke. Kosa langu ni moja tu: ilibidi nikubali kwamba ni sumu, nijitolee kwenda kuimwaga mwenyewe nyuma ya vyoo. Mdomoni.