Imrani Ametoroka na Sare Yangu

Jumatano, 7 Septemba 1994

Imrani hayupo. Tumewahesabu wafungwa, tukarudia, kisha Mkuu wa gereza akaja akahesabu mwenyewe kwa kidole. Hayupo.

Kalamu inaruka mistari. Huyu si mwizi wa kuku. Ndiye aliyepanga utekaji wa malori ya mahindi barabara ya Dar es Salaam, na hakuwahi kushika bunduki wala kupandisha sauti. Mashahidi wa kesi yake walihama mkoa bila kuaga majirani. Hakimu alipomsomea miaka thelathini, Imrani alimshukuru.

Ametoka asubuhi, kweupe, kwa lango kuu, ndani ya lori la zabibu. Alikaa mbele pamoja na dereva, amevaa sare ya Mkaguzi Msaidizi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Askari wa lango alimpigia saluti. Ameulizwa kama hakuiona sura. Amejibu kwamba yeye husalimu mabega.

Sare ni yangu. Ile ya pili. Nilimpa Imrani jana aipige pasi, maana gereza zima hakuna anayenyoosha nguo kama yeye. Lori la zabibu nalo ni wazo langu. Yaani ni wazo lake, ila nililipeleka kwa Mkuu kama langu. Imrani aliniambia hizi ni zama za soko huria. Kwa nini zabibu za gereza zioze huku Hombolo wakati wanunuzi wapo? Afisa atakayeanzisha jambo hilo atapanda cheo. Nikamuuliza mnunuzi tutampata wapi. Akasema anaye mmoja, mwenye lori lake na dereva wake.

Mkuu wetu, Mzee Jamaldini, anastaafu Desemba. Kiti chake tunakitazama wawili: mimi na Mkaguzi Msaidizi Salha. Kwa hiyo habari ya sare nimeimeza. Mkuu alipouliza sare imetoka wapi, nilisema pengine ameishona.

Alhamisi, 8 Septemba

Polisi wamekuja na mbwa. Mbwa akanusa godoro la Imrani, akazunguka uwanja mzima, akaja kukaa miguuni pangu. Niliwaambia huyo mbwa amechoka, mpeni maji. Salha alimtazama mbwa, kisha akanitazama mimi. Akaniuliza, kwa upole mno, sare zangu ziko ngapi. Nikasema mbili, moja iko nyumbani Ipagala. Akajibu, sawa, afande. Hiyo sawa yake imenitoa jasho.

Mkuu ameagiza hatua kali. Shamba la zabibu limefungwa. Lango limewekewa kufuli kubwa zaidi, ingawa lile la zamani halikuvunjwa na mtu. Kila askari amepewa filimbi.

Leo kila nikisikia gari nje natazama mlango. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akiniuliza habari za watoto, mmoja mmoja, kwa majina. Wakati ule niliona ni adabu.

Mpango: kesho naomba ruhusa, nanunua kitambaa cha kaki mjini, Dorkasi mke wangu anashona sare nyingine. Salha akija kukagua, ataikuta kabatini.

Ijumaa, 9 Septemba

Ipagala. Nimemkuta Dorkasi uani anachambua mlenda. Kabla sijatoa kitambaa akasema, “Mwenzako alipita jana mchana. Mbona hukuniambia kuna mgeni?”

Nikamuuliza mwenzangu yupi.

“Yule mrefu, mpole. Kasema mnafanya kazi pamoja. Nimempa ugali, kala, kanawa, kashukuru. Mtu mwenye heshima zake. Ila ile suruali yake ilikuwa fupi, nikamwonea huruma. Nikamwambia avue, nikamshushia pindo.”

Niliketi chini. Si kwenye kiti, chini kabisa.

“Kasema nini kingine?”

“Kasema nikufikishie shukrani kwa yote uliyomtendea. Na kasema usijisumbue kumtafuta, maana una nyumba nzuri na watoto wazuri.”

Nilitoka nyuma ya nyumba nikatapika. Dorkasi alinifuata akaniuliza yule ni nani hasa. Nikasema ni afisa kutoka Singida, ana utani. Akasema tumbo langu halijawahi kuchafuka kwa utani. Akataka twende kwa Salha. Nikakataa. Nikamwambia mambo ya gereza hayajui.

Watoto nimewapeleka kwa dada yangu. Mwenyewe nimerudi gerezani. Sijawahi kufurahi kiasi hiki kufungiwa ndani ya kuta.

Jumapili, 11 Septemba

Mkuu ameniita ofisini. Nilikwenda nikijua yamekwisha. Kumbe anatabasamu. Amepigiwa simu kutoka Kibaigwa: madalali wa mahindi wanalishukuru gereza. Mkaguzi Ndahani anafika sokoni pale kila siku tangu juzi, ananunua mahindi kwa ajili ya magereza ya mkoa, bei nzuri, malipo mwisho wa mwezi. Tena amewatahadharisha juu ya majambazi.

Mkaguzi Ndahani ni mimi. Obedi Ndahani, ambaye tangu nirudi kutoka Ipagala juzi sijatoka nje ya lango.

Mkuu akanipongeza kwa kufanya kazi hata siku za mapumziko. Akasema mambo kama hayo ndiyo makao makuu wanayapenda. Nilifungua kinywa kusema ukweli. Nikasikia kinasema, asante sana, Mzee.

Sasa nafanyaje? Polisi wanamtafuta mfungwa aliyejificha porini, na yeye yuko sokoni anajenga jina langu. Nikisema, kazi sina. Nikinyamaza, mwisho wa mwezi madalali watakuja kudai kwa Ndahani. Imebaki njia moja. Nitakwenda Kibaigwa peke yangu, nimevaa kiraia kama mnunuzi wa mahindi, nimkamate kwa mkono wangu. Nitarudi shujaa. Salha atanipigia saluti mimi, siyo mabega.



Jumanne, 13 Septemba

Naandika kutoka kitandani. Jana sikuweza.

Kibaigwa ilikuwa vumbi na malori. Nilivaa balaghashia, nikajaribu kupita kati ya magunia kama mtu anayejua mahindi. Dalali mmoja akanipa punje nionje ukavu wake. Nikatafuna, nikasema tamu. Akanitazama vibaya. Akaniuliza mimi ni nani.

Kwa woga nikasema ukweli, jambo ambalo sikuwa nimelifanya wiki nzima. Nikasema mimi ni Mkaguzi Msaidizi Obedi Ndahani wa magereza.

Makuli wakatua magunia. Yule dalali akawaambia wenzake, “Ndiye huyu. Mfupi, kipara, atajiita Ndahani. Afande alituambia atakuja.”

Walinirukia. Kibao kimoja kilinifika sikioni, mpaka sasa linalia. Kisha nikaisikia ile sauti, ya chini, ya taratibu, kutoka nyuma ya kundi. “Msimpige. Mfungieni stoo. Mpeni na maji.”

Wakanisukuma ndani ya stoo ya mahindi. Baadaye mlango ukafunguka, akaingia peke yake. Sare yangu imempendeza kuliko inavyonipendeza mimi. Pindo limekaa sawasawa. Akaketi juu ya gunia.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba,” nikajibu. Mazoea.

Akaniuliza kama kuku wa Dorkasi wameanza kutaga. Nikamwomba asiiguse familia yangu. Akanitazama kama mtu aliyesikitika kidogo.

“Nilikula chakula cha mke wako, afande. Siwezi kumgusa. Lakini wewe nilikuonya usinitafute, na umekuja.”

Nikasema sikuja kumtafuta, nimekuja kununua mahindi.

Alicheka bila sauti. Akasema, “Miezi yote ile hukuwa ukinisikiliza mimi. Ulikuwa unasikiliza cheo.” Akasimama, akaweka mkono begani kwangu, akauacha pale. Nilifumba macho nikaanza sala ya mwisho, nikasahau katikati. Nilipofumbua hakuwepo. Nje nilimsikia akiwaambia madalali wanilinde vizuri, yeye anakwenda kuleta polisi. Kisha injini za malori, moja baada ya nyingine. Madalali wakampungia mikono. Mahindi yao yote yakaondoka.

Aliyenitoa ni Salha, jioni, na polisi wa kweli. Dorkasi alikuwa nyuma yake. Alikwenda gerezani asubuhi ile kwa gari la maziwa, akamweleza kila kitu: mgeni, suruali, kitambaa cha kaki, kutapika. Salha akaunganisha hayo na ile simu ya Kibaigwa.

Dorkasi alinifuta vumbi usoni kwa khanga yake, kwa nguvu, kama anasugua sufuria. Salha alisema moja tu. “Afande, ungesema Jumatano ile ile, vizuizi vyote vya barabarani vingekuwa vinatafuta sare. Wewe ulituacha tunatafuta kichakani.”

Nikamweleza kwamba ilikuwa mbinu.

Alhamisi, 22 Septemba

Kamati kutoka makao makuu imemaliza kazi. Imebaini kwamba mfungwa alitoka kwa kupitia lango, na imependekeza lango lilindwe. Mzee Jamaldini amestaafishwa mapema. Aliniaga kwa kunishika mkono. Salha anakaimu ukuu. Mimi nimeshushwa cheo, nahamishiwa kambi ya shamba, porini upande wa Mpwapwa. Dorkasi anabaki Ipagala na watoto, na askari mmoja wa Salha analinda nyumba.

Malori yameonekana Gairo, matupu. Imrani hajaonekana.

Jumapili, 6 Novemba

Kambi hii haina ukuta, ina miiba. Mchana kutwa natazama barabara. Gari likitokea, nakwenda chooni. Juzi mgeni alikuja na kusema shikamoo kwa sauti ya chini, nikaangusha kikombe. Alikuwa mwinjilisti.

Lakini leo moyo umetulia, kwa sababu nimepata mtu. Anaitwa Sila, mfungwa wa hapa, mtaratibu, mwenye maneno machache. Aliona ninavyoishi, akanihurumia. Aliwahi kufanya kazi na Imrani kwenye malori, hivyo anamjua vizuri: anavyotembea, anavyofikiri, njia anazopenda. Anamchukia kweli kweli. Anasema Imrani akija, askari hawa vijana hawatamtambua, ila yeye atamtambua kwa mbali.

Nikamuuliza kwa hiyo tufanyeje. Akasema anaogopa kunishauri, mimi ndiye afisa. Nikamsihi. Ndipo akasema kwa shida kwamba, kwa usalama wangu, ingefaa alinde yeye.

Nimemkabidhi bunduki ya kambi na ufunguo wa trekta. Amesema nilale bila wasiwasi. Mtu muungwana sana. Kesho namwandikia Salha juu ya mpango huu mpya wa ulinzi, maana makao makuu wanaweza kuupenda.