Boksi Nyekundu ya Koome na Redio ya Mama Mkwe

Koome wa Makutano, kule Meru, hakuwa mwizi. Mwizi anaingia kwa dirisha. Koome alikuwa anaingia kwa mlango, mchana, anapewa chai na viazi vitamu, na akitoka ni wewe mwenyewe unamsindikiza ukimwambia asante. Hiyo ni kazi ingine kabisa, na inataka kipaji.

Miaka hiyo ya tisini na kitu, kila kwaya ilikuwa na wazimu wa kutoa kaseti. Hata watu wanne wakikutana kisimani wanaimba moja, wanaanza kuulizana nani atakaa mbele kwa picha ya kava. Sasa siku moja Koome amesimama hapo Makutano anakula hindi la kuchoma, akasikia mama mmoja na kiondo cha ndengu akilalamika kwa mwenzake.

"Hiyo studio ya Nairobi inataka tuuze Siakago nzima na mawe yake. Kungekuwa tu na mashine ya kurekodia nyumbani! Hata ya bei ya chini."

Koome akameza punje bila kutafuna.

"Iko, mama," akasema. "Tena ziko mbili. Nitawaletea mlinganishe wenyewe kwa masikio yenu."

Yule mama alikuwa Marcella, mwalimu wa kwaya, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akamwangalia Koome kutoka kofia mpaka viatu. Viatu vilikuwa vyeusi, vinang'aa, vyenye soli nene. Viatu kama hivyo vinaaminika.

"Njoo kwetu Siakago Jumamosi," akamwambia. "Pesa hatuna. Mbuzi tuko nazo."

Mimi sijui kama umewahi kuona mtu akiahidi vitu viwili na hana hata kimoja. Koome alienda mbio kwa fundi wa mabati, akatengenezewa maboksi mawili kama ya biskuti, akayatia vitufe vya kuzungusha vya redio iliyokufa. Moja akapaka bluu, lingine nyekundu. Ndani ya ile nyekundu akaweka nusu tofali, kwa sababu kitu cha maana lazima kiwe kizito.

Ikabaki redio. Na redio nzuri ya kaseti aliyoijua ilikuwa moja tu, ya mama mkwe wake, Peninah, iliyokaa juu ya kabati ikifunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Peninah alikuwa ameenda Embu kuona mjukuu aliyezaliwa, na ufunguo aliachia bintiye, Nkirote, bibi ya Koome.

Nkirote akakubali shingo upande. "Mama anarudi Jumatatu. Hiyo redio isipokuwa chini ya kitambaa chake, wewe usirudi. Nenda ukaoe huko huko."

"Mpenzi, itarudi na mbuzi."

"Mbuzi sijui. Redio!"

Na kweli, hapo Koome aliogopa kidogo. Kwao Meru mtu na mama mkwe wake hawaangaliani sana usoni, sembuse kupigiana kelele. Lakini Peninah akikasirika, hakuhitaji kukuangalia. Mji wote ulikuwa unakuangalia kwa niaba yake.

Jumamosi Siakago jua lilikuwa la kukausha hata mawazo. Kwaya imekaa kwa benchi za kanisa, Koome mbele na meza yake. Akafunga waya za kipaza sauti kwa boksi, za boksi kwa redio. Akakohoa kama daktari.

"Ndugu zangu, sauti ya mtu iko na takataka. Ndiyo. Hata yako, mama, usinikasirikie. Boksi hii inachuja sauti vile chujio linachuja chai. Bluu ni ya mwananchi wa kawaida. Nyekundu ni ya wenyewe. Imbeni!"

Wakaimba na ile ya bluu, Koome akiwa amefunika redio na koti lake zito, ati isishike vumbi. Wakaimba na nyekundu, koti likatolewa. Si unajua redio hizo ziko na sikio lao la ndani la kurekodi? Boksi zilikuwa zimekaa tu hapo kama wageni wa harusi.

Akawachezea. Wee! Kanisa likawa soko.

"Hiyo bluu tunaimba kama tumefungiwa kwa gunia!"

"Nyekundu inatoka mpaka pumzi!"

Mzee Rwamba, mwimbaji wa besi, akasimama akilia machozi. "Kwa hiyo nyekundu nimesikia hata pengo langu. Jino lenyewe lilitoka kitambo, lakini pengo nimelisikia!"

Marcella akaja mezani. Aliinua boksi ya bluu, akaiweka. Akainua nyekundu, akaitikisa kidogo karibu na sikio, akaiweka pia. Akatabasamu.

"Lete kesho kwa ibada," akasema. "Washirika wote waone, ndiyo mbuzi zitoke."

Koome akitoka nje, akavutwa shati nyuma ya choo. Ni Salesio, mwenye duka, mweka hazina wa kwaya, mtu ambaye hata akipiga chafya anaangalia kama kuna kilichoanguka.

"Kijana. Hiyo nyekundu nataka iwe yangu peke yangu. Kwaya zote za huku Mbeere zitakuja kurekodi kwangu. Chukua mbuzi tatu, na mtu asijue."

"Mzee, lakini nimewaahidi kwaya..."

"Wape ile ya bluu!"

"Basi niache nayo mpaka kesho wasishuku. Jioni ni yako."

Mbuzi tatu zikafungwa kwa mti. Mtu mwenye akili angeondoka hapo hapo. Lakini tamaa haina breki, na Koome alikuwa ameonjeshwa mbuzi tatu akasikia harufu ya kumi.

Jumapili akaja amejipaka mafuta. Marcella akampokea mlangoni. "Ndugu yetu, weka vitu vyako hapa mbele, kwa ile meza, washirika waone vizuri." Koome akapanga: bluu, nyekundu, redio katikati. Kwaya ikasimama kuimba, naye akafinya kidude cha kurekodi, aje awachezee baadaye waongeze mbuzi. Wimbo ukaisha.

"Tufunge macho," akasema pasta Gitari, na akaomba. Akaomba maombi marefu, ya kupitia kila kata na kila ugonjwa. Mwishoni akasema, "Na hivi vyote viko juu ya meza hii, Bwana, uvipokee."

"Amina!" Koome akapiga kelele kuliko wote.

Akafungua macho. Hapo ndipo aliona vizuri kile kilikuwa kwa meza: jogoo aliyefungwa miguu, mayai, chupa ya asali, boga, na vitu vyake. Ilikuwa meza ya sadaka. Na sadaka huko kwetu, kama si pesa, ibada ikiisha inapigwa mnada.

"Ngojeni," Koome akasema, "mimi nilikuwa naonyesha tu."

Kanisa likamgeukia. Marcella akashika kiuno. "Mgeni wetu, umeitikia amina. Tena kwa nguvu. Unataka kumnyang'anya Mungu?"

Angesema nini? Ati boksi ni tofali? Akaketi.

Mnada ukaanza, na Marcella ndiye mpiga mnada. Jogoo akaenda, boga likaenda. Nyekundu ikainuliwa.

"Nani ananunua mashine ya wenyewe?"

Mzee Rwamba akasema mbuzi moja. Salesio akaruka kama amekalia siafu. "Mbili!" Maskini, alikuwa ananunua kitu alichokwisha kununua jana, na hakuweza kulia. Akaichukua kwa mbuzi nne, uso umekuwa kama limau.

Halafu redio.

"Mbuzi moja!" Koome akapiga kelele kabla haijainuliwa.

"Kwaya inasema mbili," akasema Marcella kwa upole.

"Tatu!" Hizo za Salesio zikaaga mti.

"Kwaya inasema tatu na mwanambuzi."

"Naongeza koti!"

"Koti ni joto hapa. Kwaya inaongeza kuku."

"Naongeza viatu! Mama, nakuomba, mimi niko na mama mkwe!"

Watu wakacheka mpaka benchi moja ikavunjika. Marcella akaangalia vile viatu vya kuaminika, akapiga meza. "Imeenda kwa mgeni! Mungu ambariki."

Koome akafika Makutano usiku na soksi zenye matundu, redio imekumbatiwa kama mtoto. Nkirote akairudisha juu ya kabati, kitambaa juu, na Koome akalala akishukuru. Angalau hakuna mtu wa Meru atakayejua.

Jumatatu Peninah akarudi, akafungua madirisha, akarudisha mwanzo kaseti iliyoachwa ndani, asikize nyimbo zake za jioni. Wimbo wa kwaya ukatoka, mtamu kabisa, halafu sauti ya mwanamke ikinong'ona karibu sana:

"Pasta, omba ndefu, na utaje meza. Jana nilitikisa hiyo nyekundu, ndani ni tofali. Lakini redio ni ya ukweli."

Halafu maombi. Halafu amina ya mtu mmoja kuliko wote. Halafu mnada mzima mpaka kaseti ikakwama mwisho, majirani wakiwa wamejaa kwa ua wakijishika mbavu. Koome alikuwa nyuma ya nyumba yake, miguu mitupu, akitamani ardhi ipasuke kidogo tu, saizi yake.

Peninah hakumwangalia. Heshima ni heshima. Alisimama kwa ua akaongea na bintiye, kwa sauti ya kufika sokoni.

"Nkirote, niulizie bwana yako. Hivyo viatu ametolea Mungu huko Siakago, si ni vile nilimnunulia Krismasi?"