Vichwa Vinne vya "Nilikuwa Nafua"

Jumatatu, 3 Machi

Naapa kuandika kila kitu humu, hata yatakayonitia aibu. Mwalimu wa Kiswahili anasema shajara isiyosema kweli ni daftari tu.

Basi kweli ya kwanza: shangazi yangu ni msanii. Ni dada yake baba, tunaishi naye, anasuka nywele chumba cha mbele. Miaka ishirini iliyopita aliimba "Nirudishie Ufunguo". Nchi nzima iliuimba. Mpaka leo akienda zahanati, nesi anauimba. Akienda msibani, waombolezaji wanauimba kwa kunong'ona. Jina lake hawalijui. "Mama Ufunguo", basi.

Lakini ana nyimbo nyingine kumi na moja! Zimo kwenye daftari, chini ya kopo la mafuta ya nywele. Hakuna aliyewahi kuomba hata mmoja.

Leo redio imetangaza kwamba Jumamosi kipindi cha wasanii wa zamani kitafanyika ukumbini, hapa hapa mtaani kwetu. Kila msanii wimbo mmoja. Wasikilizaji watachagua kwa barua. Shangazi akazima redio kwa kiwiko, mikono ilikuwa na mafuta. Akasema wakichagua Ufunguo tena hapandi jukwaani, gitaa lake atampa jirani, na yeye na muziki ndiyo mwisho. Mama akamwambia, "Wifi, punguza hasira." Akajibu kwamba hana hasira, ana nyimbo kumi na moja.

Huyo jirani ni msusi wa ng'ambo ya barabara. Katika Ufunguo ndiye aliyeitikia "ee" mara tatu. Mara tatu tu! Naye kaandika MSANII kwenye kibao chake. Mimi namwita Ee Tatu. Gitaa letu liende kwa Ee Tatu? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Nimeandika barua kumi na nne, zote zikiomba wimbo namba saba wa daftarini, "Nilikuwa Nafua". Nimekuwa dereva wa lori (miaka 61), mama mjamzito, fundi bomba, mwanajeshi mstaafu na mapacha wawili. Kila mmoja ana sababu yake. Mjamzito anasema mtoto hurusha teke akiusikia. Nililia kidogo nilipoandika hilo.

Anwani juu kulia, tarehe, kichwa cha barua kimepigiwa mstari. Mwalimu angejivunia. Nimezitumbukiza kwenye sanduku la kituo cha redio mwenyewe, moja moja, kwa heshima.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili: watu waufahamu wimbo wenyewe. Wajifunzie wapi? Kitini! Kichwa kilichosukwa nusu hakikimbii.

Nilimwomba Shangazi aimbe namba saba anaposuka, badala ya Ufunguo. Alichota mafuta kwenye kopo. Kisha akaimba.

"Sikukusubiri wewe..." Hapo kuna kimya kirefu. "...nilikuwa nafua."

Wateja walikuwa wanne. Wa kwanza alisema wimbo hauna ubaya, ila angependa ule wa ufunguo. Akaambiwa atulize shingo. Kufika saa ya tatu kitini alikuwa anaitikia. Wa mwisho alikuwa mwalimu mkuu wetu! Aliitikia kwa besi. Sikutegemea.

Kasoro moja. Vidole vya Shangazi vimesuka kwa Ufunguo miaka yote hii: ubeti mmoja, mstari mmoja, umenyooka kama rula. Namba saba ina kile kimya katikati. Na vidole navyo vikanyamaza. Vilipoanza tena, vikaanzia pembeni. Kila mstari umepinda pale pale, juu ya sikio. Vichwa vinne, vyote vina kona.

Mwalimu mkuu alijitazama kwenye kioo, akauliza kama huo ndio mtindo mpya. Nikasema ndiyo. (Niliapa kusema kweli humu, si kule.)

Ee Tatu alikuwa mlangoni kwake. Akapaza sauti kuuliza kama siku hizi tunasuka barabara za milimani.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu! Mtangazaji kazisoma hewani. Alisema amepokea barua kumi na nne zenye mwandiko mmoja, mzuri mno. Dereva, mjamzito, mapacha, wote wanaanza "Rejea kichwa cha barua hapo juu" na kumaliza "Wako mtiifu". Mwanajeshi mstaafu, chini ya jina lake, kaandika "Kidato cha Pili B".

Mazoea yana taabu.

Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatangaza: Ufunguo, barua mia mbili na sita. Akaupiga, wote, mpaka "ee" ya mwisho.

Shangazi hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alilifuta gitaa vumbi, akavuka nalo barabara, akarudi mikono mitupu. Ukutani pale lilipokuwa likining'inia, rangi ni safi kuliko kwingine kote. Nimeuliza kama amenikasirikia. Amesema nikamalize hesabu zangu.

Sijamaliza. Wala sijashindwa!

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nilimdanganya Shangazi kwamba mwalimu mkuu yuko ndani na anataka kunyooshewa ile mistari ya nywele hapo hapo. Akaja na kitana chake.

Mtangazaji akamwita Mama Ufunguo. Shangazi hakusimama. Aliyepanda ni Ee Tatu, na gitaa letu! Akasema atauimba yeye, kwa kuwa wimbo ulikuwa wa wote wawili. Akagusa nyuzi. "Ee," akaimba. "Ee. Ee."

Kisha kimya. Hajui neno jingine! Miaka ishirini, na hajui!

Mtu mmoja nyuma akamuuliza, "Dada, chaji imeisha?" Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alipanda na kitana mkononi, akamnong'oneza Ee Tatu jambo, akapokea gitaa. Watu wakapiga makofi: Ufunguo! Ufunguo!

"Ufunguo mnao miaka ishirini," akasema. "Kaeni nao. Huu ni wangu."

Akaanza. "Sikukusubiri wewe..."

Kikaja kile kimya. Nikafumba macho. Nilisikia kiti kikilia, na mtu akikohoa.

Halafu kutoka safu ya pili, kwa besi: "...nilikuwa nafua."

Mwalimu mkuu! Na kando yake vichwa vingine vitatu, vyote vimepinda juu ya sikio. Wanne, kati ya watu kama mia nne. Waliimba mpaka mwisho bila kukosea neno. Kwenye kimya cha mwisho Ee Tatu akachomeka "ee" isiyokuwemo. Ilikaa vizuri. Inaniuma kuandika hivyo.

Watu wakaendelea kudai Ufunguo. Shangazi akashuka, kidevu juu, gitaa begani. Liko ukutani sasa. Ile rangi safi haionekani tena.

Jumapili, 9 Machi

Mama kaniketisha chini. Amesema nimeona mwenyewe kwamba wimbo uliimbwa na watu wa kweli, si watu wangu wa karatasi, kwa hiyo hila sasa basi. Nimekubali kabisa. Mama ana hekima.

Leo Shangazi amesuka kwa namba tatu. Ina vimya viwili. Mteja ametoka na kona mbili kila upande.

Nimeazima kalamu nyekundu, ya kijani na ya zambarau. Mwandiko hautatambulika. Barua ya kwanza kwa mtangazaji iko tayari. Inatoka kwa dereva wa lori, ila sasa nimemfanya wa miaka 62, asije akajulikana. Kichwa kimepigiwa mstari. Nainakili hapa:

"Rejea kichwa cha barua hapo juu. Jumamosi tulioujua wimbo tulikuwa wanne, watano ukimhesabu jirani. Mimi ni mtu wa safarini, nina haraka, hivyo naomba unijibu kwa posta ya kwanza kabisa: watu wangapi wakiujua wimbo ndipo nao unahesabika?"