Mfinyanzi wa Mwisho na Wanafunzi Wake Tisa

Jumanne, 6 Mei

Nimepata kamera! Kamera ya shule, moja tu, na ni yangu hadi Jumatatu. Nilitia saini mbele ya Mwalimu wa Historia, mlezi wa klabu yetu ya filamu, kwa pupa hata jina langu likafanana na kichaka. Jumatatu filamu zitaonyeshwa ukumbini na moja itachaguliwa kwenda mashindano ya shule zote. Moja! Mpinzani wangu ni Spika, wa darasa letu, anayeitwa hivyo kwa sababu hata akinong'ona husikika jikoni. Yeye ana simu ya kaka yake na fundi wa kuchonga milango. Mimi nina kamera na Shangazi.

Shangazi, dada yake Baba, ni mfinyanzi. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu. Ili nisipoteze muda niliandika masimulizi yote kabla ya kwenda kwake. Kurasa kumi na nne. Filamu inaitwa Mfinyanzi wa Mwisho na inaanza hivi: "Mikono hii ikitulia, sanaa imezikwa." Nililengwalengwa na machozi nilipoisoma. Kitabu cha maktaba kinasema filamu nzuri haina budi kuwa na kitu kinachopotea.

Jioni nikaenda. Uani kwa Shangazi nikakuta watu tisa wanafinyanga vyungu.

Tisa! Nikadhani ni wateja wanaojihudumia. Kumbe ni wanafunzi. Yumo mzee mstaafu wa posta, yumo kinyozi, yumo muuguzi, wote udongo hadi viwiko. Wamekuwa wakija tangu mwaka jana. Nikamuuliza Shangazi kwa nini hakuniambia. Akasema huniambia kila Jumapili mezani, na kila Jumapili nimeinamia kitabu.

Nikamuuliza kama sanaa hii haiko katika hatari ya kufa. Akasema labda ife Alhamisi, maana leo na kesho ana kazi.

Sijui kama ulikuwa utani. Nimeandika hivyo hivyo.

Jumatano, 7 Mei

Nimetafakari kipindi kizima cha Hisabati. Kuna njia mbili: kubadilisha kurasa kumi na nne, au kuondoa watu tisa. Kurasa nimeshazinakili kwa wino.

Lakini nani awaambie watu wazima waondoke? Mdomo wangu mzito. Nikisalimia watu wawili kwa siku nimechoka. Kalamu yangu ndiyo nyepesi. Nikabandika tangazo langoni kwa Shangazi: LEO HAKUNA MAFUNZO. Maneno matatu. Sikuona haja ya zaidi.

Saa kumi, kamera tayari. Shangazi peke yake kwenye kigoda. Mwanga mzuri. Upweke mzuri!

Akaingia muuguzi mbio na mkoba wa kupimia shinikizo la damu. Alisema Shangazi hajawahi kufuta mafunzo hata siku moja, kwa hiyo ni lazima ameanguka. Akaja kinyozi na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa. Mzee wa posta akaja na mtaa mzima nyuma yake. Kufika saa kumi na moja nilihesabu watu thelathini na mmoja, wote wakimsihi Shangazi alale. Shangazi alisema ni mzima. Wakatazamana na kutikisa vichwa: ndivyo wasemavyo wagonjwa mahututi. Hata Spika alikuja kutoa pole, na aliitoa kwa sauti ambayo ingemlaza mtu mzima kitandani.

Walipoondoka Shangazi akaniuliza nani kaandika karatasi ile. Nikaangalia udongo. Akasema anauliza tu, maana tangazo lina nukta mwishoni, na mtaa huu mtu anayeweka nukta ni mmoja.

Alhamisi, 8 Mei

Tangazo la pili, kurekebisha: MFINYANZI NI MZIMA KABISA.

Wakaja arobaini. Mzee wa posta alisema katika miaka yake yote ya kupeleka barua hajaona mtu mzima akitangazwa.

Hata hivyo nimepata mahojiano. Nilimuuliza Shangazi habari za warithi wake. Akajibu, huku akisugua chungu kwa jiwe laini: "Sijapata kumfundisha mtu akashindwa, isipokuwa wewe ulipokuwa na miaka saba." Nyumbani nikakata kwenye kompyuta ya Baba. Imebaki: "Sijapata kumfundisha mtu." Inasikitisha! Na si uongo. Kila neno ni lake.

Nilitaka pia kumrekodi akila kwenye gae, kwa kuwa wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Akasema yeye ana sahani kumi na mbili za maua, na kama nawapenda wahenga kiasi hicho niende nikazioshe. Nimeziosha. Sielewi yaliishiaje hivyo.

Ijumaa, 9 Mei

Kesho vyungu vya wanafunzi vinachomwa kwa mara ya kwanza! Ishirini na viwili vimekauka kivulini. Mzee wa posta ana kimoja tu. Vingine vyote tangu mwaka jana vilimlalia mkononi. Hiki kimoja hukisalimia akiingia na kukiaga akitoka. Anataka kumpelekea mkewe, ambaye hajawahi kuamini huwa anakwenda wapi kila alasiri.

Lakini fikiria picha: Shangazi peke yake mbele ya moto! Ukurasa wa kumi na mbili mzima ni moto huo.

Tangazo la tatu. Safari hii sikubandika. Niliandika nakala tisa na kuzipenyeza chini ya milango tisa: KUCHOMA VYUNGU KUMEAHIRISHWA HADI JUMAPILI. Nikaweka saini: Uongozi.

Jumamosi, 10 Mei

Mikono inanuka moshi. Nitaandika kwa kifupi.

Saa tisa tulikuwa wawili. Shangazi akauliza wako wapi watu. Nikasema pengine wamechelewa. Tukangoja saa nzima. Mawingu meusi yakapanda. Vyungu vilikuwa vimeshapangwa juu ya kuni, na chungu kibichi kikinyeshewa kinarudi kuwa tope. Shangazi akatazama mbingu, akatazama lango, akavifunika kwa nyasi kavu na kuwasha.

Sasa ndipo nilipojifunza kazi ya wale tisa. Nyasi zikiungua panatokea tundu. Upepo ukiingia tunduni ukakipiga chungu chenye moto, kinapasuka. Kwa hiyo watu husimama pande zote na kuziba kila tundu mara linapotokea. Shangazi akanipa mzigo wa nyasi. Nikamweleza kwamba mtengeneza filamu haingilii tukio. Akasema tundu halina habari hiyo.

Pa! Chungu cha kwanza. Sauti kama mtu anayevunja vidole. Pa! Nikaiweka kamera chini nikakimbia na nyasi. Shangazi anapiga kelele upande wa pili: "Nyuma yako! Siyo huko, nyuma yako ile nyingine!" Pa! Pa!

Vimepona vyungu vinane. Cha mzee wa posta kimepasuka vipande viwili.

Mvua haikunyesha.

Tulipomaliza muuguzi alipita njiani akitoka kazini, akashangaa kuona majivu, akatoa karatasi yangu mfukoni. Shangazi aliisoma hadi mwisho. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza tu huyo Uongozi ni nani, anataka kumfahamu.

Jumapili, 11 Mei

Wakaja. Wote tisa, kwa wakati, kila mmoja na mzigo wa nyasi kichwani. Mimi ndiye niliyewaambia Jumapili.

Shangazi akasema niseme. Nikaandika kwenye karatasi, na muuguzi akasoma kwa sauti: "Ni mimi. Samahani." Kinyozi akauliza kama kuna ukurasa wa pili.

Mzee wa posta aliokota vipande vyake viwili, akaviunganisha. Akasema mbona kinasimama, mradi kishikwe. Akakishika. Alikishika muda wote tulipokuwa pale. Nilishindwa kumtazama.

Halafu akaniuliza kama ni kweli kesho filamu inaonyeshwa, na kama mtu anaweza kuja na mkewe. Nikatikisa kichwa kukubali. Sijui kwa nini. Ningeweza kukitikisa kwa upande mwingine.

Jumatatu, 12 Mei

Filamu ya Spika ilianza. Milango mizuri sana. Lakini Spika anamuuliza fundi swali, kisha anajibu yeye.

Ikaja yangu. Mstari wa pili ukumbini: Shangazi, wanafunzi wake tisa waliovaa nguo za kutokea, na mke wa mzee wa posta. "Mikono hii ikitulia, sanaa imezikwa." Kisha sauti ya Shangazi, kubwa, ukumbi mzima: "Sijapata kumfundisha mtu."

Vichwa tisa vikageuka kumtazama Shangazi. Shangazi akageuka kunitazama mimi.

Ukafuata moto. Sehemu hiyo sikuwa nimeiangalia! Nilikuwa nimeiweka kamera chini, na kumbe haikuzimika. Skrini nzima ni miguu yangu. Inakimbia na nyasi kwenda kulia. Inarudi bila nyasi. Pa! Inaanguka. "Nyuma yako ile nyingine!" Watu walicheka hadi wapishi wakaja kuchungulia.

Taa zilipowashwa mzee wa posta akasimama. Aliuliza kwa adabu, kama mtu aliye kwenye foleni: ikiwa mwalimu wake hajapata kumfundisha mtu, je, yeye mwaka mzima alikuwa wapi kila alasiri?

Mkewe akasema hata yeye angependa kujua.

Muuguzi, kinyozi na wote waliobaki wakasimama kumtolea ushahidi. Ilichukua robo saa. Mke alipoonyeshwa vile vipande viwili ndipo alipoamini. Akasema chungu cha kununua kisingepasuka vibaya namna ile.

Mwalimu wa Historia alisema leo haendi mtu. Filamu ya Spika imejaa Spika. Yangu ina sehemu moja ya kweli, nayo ni miguu. Tumepewa wiki moja, kila mtu aanze upya na aonyeshe kilichopo. Shangazi amenikubalia kwa sharti moja: niwe mwanafunzi wa kumi, nimfinyangie mzee chungu kingine. Alisema udongo uwahi ungali maji, na mimi nimeshaanza kukauka, lakini watajaribu kunimwagia maji.

Jumanne, 13 Mei

Somo la kwanza. Chungu changu kilikaa chini polepole, kama mtu aliyepewa habari mbaya. Wote tisa wakanisaidia kwa pamoja, kwa njia tisa. Mzee wa posta akanishika viganja na kusema chake cha kwanza kilikaa chini vivyo hivyo, tena na cha pili, tena na cha tatu. Mtu niliyemvunjia chungu! Nimemfikiria njia nzima na sijamwelewa.

Lakini kosa langu nimelielewa, kwenye Hisabati. Matangazo yalikuwa mafupi mno. Ukimpa mtu maneno matatu, mengine anajaza mwenyewe.

Masimulizi mapya yako tayari, kurasa kumi na saba. Filamu inaitwa Mwanafunzi Pekee. Inaanza hivi: "Katika ua huu mtupu, kijana mmoja tu alikubali kujifunza." Kinachonisumbua ni wale tisa.

Nimeshaandika tangazo. Ukurasa mzima, mbele na nyuma, sababu zote zimo, na mstari wa kwanza unasema wazi kwamba Shangazi haumwi. Nimelibandika langoni kwa misumari minne. Na kwa kuwa Uongozi sasa wanamjua, nimetia saini: Uongozi Mpya.