Mlango Uliotazama Juu

Jumatatu, 8 Septemba 2003
Mfereji wetu bado mkavu. Mke wangu Ndunge ameteremka tena Bondeni kupiga foleni ya maji, na mgongo unamuuma. Anataka nijiunge na kina Bi Mishi, muuza mahamri, wanaopanga kuandamana. Mimi? Na watu wa mitungi? Nyumba yetu iko mpakani: mlango watazama Bondeni, ukuta wa nyuma watazama Juu, kwenye mageti. Serikali husikiliza mageti. Nimeamua!

Jumatano, 10 Septemba
Fundi Mbithi ameung'oa mlango, akauhamishia nyuma. Pengo la Bondeni limezibwa kwa matofali. Sasa mimi ni mtu wa Juu! Ndunge ameuliza kama maji yatapitia hapo. Hajui siasa.

Ijumaa, 12 Septemba
Mkutano wa Juu, kwa Bwana Kaloki mwenye matangi. Soseji! Wote walilalamikia vumbi. Nikawaonya kwamba matangi nayo hukauka. Wakakubali kuandamana hadi ofisi ya maji, kila nyumba itoe watu wawili. Nitaongoza mimi. Nimenunua tai.

Jumatatu, 15 Septemba
Aibu! Kila nyumba imetoa wawili kweli: soja wa kulinda geti na msichana wa kazi. Soja wa Kaloki kavaa hadi koti la bosi. Wote wanaishi Bondeni! Nikawaagiza waseme "Maji Juu!" Waliitikia vizuri mpaka kwa Bi Mishi, ambako mama na shangazi zao walikuwa wakingoja na mitungi. Tulifika ofisini umati mzima, tukipaza sauti, "Maji Bondeni!" Meneja akanishika mkono, akanisifu kwa kuwatetea wanyonge. Nikanyoosha tai.

Jumamosi, 27 Septemba
Bomba limefika Bondeni. Bi Mishi anasimamia: kila mlango unaotazama huko utapata mfereji. Nikamwonyesha wangu. Akasema yeye anaona ukuta, jameni. Ndunge alikalia mtungi akalia. Roho imeniuma sana. Nimemwita Mbithi.

Jumapili, 28 Septemba
Mlango umerudi Bondeni. Mafundi wa maji wanakuja kesho. Ndunge ameimba tangu asubuhi.
Jioni soja wa Kaloki kapita. Anasema Juu watawekewa lami, kwa nyumba zenye milango huko pekee. Lami!
Nimemwambia Mbithi asioshe mwiko. Ndunge amesikia, ameketi kizingitini, haondoki.
Atasinzia tu.