Nukta Nne na Shemeji Asiyeonekana

Alhamisi, 7 Agosti

Tumefika. Chumba namba kumi na mbili, dirisha linatazama geti la bustani ya michezo. Soketi moja tu ukutani! Nimeiwahi kabla mke wangu hajavua viatu. Shajara naiandika kwenye simu. Daftari lingefunguliwa na mama mkwe kabla sijafika ukurasa wa pili.

Safari nzima imo humu ndani ya simu. Tiketi zetu tano, ramani, na programu inayoonyesha foleni ya kila bembea ni ya dakika ngapi. Miaka kumi na minne natunza stoo. Hakitoki kitu bila saini, na watu hali kadhalika. Kwa hiyo kila mtu nimemwekea programu ya kufuatana, kila mmoja ni nukta kwenye ramani. Mke wangu nyekundu. Mama mkwe njano. Kapengo, binti yangu wa miaka minane aliyeng'oka meno mawili ya mbele, nimempa simu yetu ya zamani, nukta ya kijani. Mimi buluu.

Kabaki shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa mafriji. Ana kisimu cha vitufe chenye tochi. Haonekani kwenye ramani! Nikamwuliza kwa nini hanunui simu ya maana. Akasema hii inapiga na inapokea, yeye hataki zaidi. Getini kachukua ramani ya karatasi, kaikunja, kaitia mfuko wa shati. Karatasi! Mtu huyu ana lake jambo.

Kilichotuleta hasa ni Joka. Hicho ni kitreni kinachopanda reli mpaka juu kabisa, kisha kinajitupa chini watu wakipiga mayowe. Mwaka jana Kapengo alirudishwa kwenye ubao wa kupimia kimo. Alipungukiwa vidole viwili, akalia njia nzima. Tangu siku hiyo anajipima kwa penseli kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Nilimwahidi kwamba akifika tu, tunapanda wote, mimi na yeye, kiti cha mbele. Leo kapimwa. Kapita! Karuka mpaka kiatu kikamtoka.

Programu ikasema Joka dakika kumi. Tukavuka bustani nzima mbio mbio, mama mkwe kashika viatu mkononi. Tunafika, dakika tisini! Shemeji akasema mfagiaji kamwambia foleni huisha saa saba, watu wakienda kula. Nikakataa. Mfagiaji anajua nini? Na kwa nini amwambie yeye, asiniambie mimi? Kapengo akaniuliza kama Joka sasa ni kesho. Nikamwambia kesho, aondoe wasiwasi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeanzisha makao makuu. Benchi karibu na kibanda cha aiskrimu, soketi iko nyuma ya pipa la taka. Nikawaambia waende wakacheze, mimi nawaongoza kutoka hapa, foleni ya Joka ikipungua nitawaita. Mama mkwe akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu hapana mama, niko kazini. Akamtazama mwanawe, yaani shemeji. Mwanawe akatazama mawingu. Niliyaona macho yale.

Saa tano na robo. Nyekundu, njano na kijani zimekusanyika mahali pamoja. Saa tano na nusu, hazijasogea. Saa sita, bado! Watu waliokuja kucheza hawagandi dakika arobaini na tano. Hicho ni kikao. Na shemeji, asiye na nukta, ndiye mwenyekiti. Wanataka kunivua uongozi wa safari!

Nikawanyemelea. Kibandani, kichakani, choo cha wanaume, kichakani tena. Nafika kwenye nukta, hakuna mtu. Kuna ukuta wa makabati ya chuma yenye namba, basi. Nikampigia mke wangu. Kabati la arobaini na saba likalia. Nikatega sikio. Nikampigia mama mkwe. Arobaini na saba tena! Nilipokuwa nabandika sikio vizuri zaidi, mkono ukanikamata ukosi. Mlinzi. Akataka kujua kwa nini nasikiliza makabati ya watu. Nikamwambia namtafuta mke wangu. Akaniuliza kama nimemfungia humo.

Chumba cha walinzi. Viti viwili vya plastiki na feni mbovu. Akataka kuona tiketi. Nikatoa simu kwa madaha. Asilimia mbili. Asilimia moja. Giza. Lo! Mimi, mtunza stoo, nakodolewa macho kama mwizi wa nguo kambani. Kipaza sauti kikatangaza mara tatu, bustani nzima ikasikia, kwamba amepatikana baba mmoja mwenye kofia ya buluu, wenyewe waje wamchukue.

Aliyekuja ni shemeji. Mfukoni ana tiketi zetu zote tano, alizichapisha kwenye karatasi kabla ya safari. Hakuniambia! Na mlinzi alimwuliza habari za friji inayovuja maji, wakaongea kama watu waliokula pamoja jana. Wamejuana lini?

Wanasema simu ziliachwa kabatini kwa sababu kwenye mtelezo wa maji haziruhusiwi. Maelezo yamenyooka mno. Nimeyashtukia. Kapengo alikuwa kalowa chapachapa, kajifunga taulo, akaniuliza kama kesho Joka litakuwepo. Nikamwambia halina miguu, litakwenda wapi? Hakucheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya mwisho. Basi linaondoka saa kumi.

Mbinu mpya, makabati hayanipigi chenga tena. Asubuhi kulikuwa na ubaridi, Kapengo kavaa koti. Simu ya zamani nimeitia mfuko wa ndani wa koti, zipu mpaka mwisho, bila yeye kujua. Atakapokwenda, nukta inakwenda.

Tukaenda Joka saa saba, saa ya mfagiaji. Nilikubali kimkakati, si kwamba nimeshindwa. Foleni haikuwepo. Nikajikausha. Shemeji naye hakusema kitu, na hapo ndipo aliponiudhi zaidi.

Kapengo kanishika mkono, kiganja kimelowa jasho. Kiti cha mbele kitupu, nafasi mbili, zetu. Msimamizi akasema simu iachwe. Iachwe wapi? Kabatini? Makabati yale nimeyasikiliza mwenyewe, hayana siri. Papo hapo shemeji akanyoosha mkono, akasema nimpe anishikie. Upesi ule! Hata hakufikiri. Ndani ya simu imo shajara hii, na ndani ya shajara yumo yeye, toka Alhamisi. Ng'o! Nikataka kumpa mke wangu, nikakumbuka ni dada yake. Mama mkwe ndiye aliyemzaa. Nimezungukwa!

Nikamwambia Kapengo apande na mjomba wake, mimi nitakuwa kwenye uzio, sitambandua macho hata nukta moja ya dakika. Akasema sawa, baba.

Nikasimama kwenye uzio, macho kwenye nukta ya kijani. Haisogei. Nikangoja. Juu reli zinanguruma, watu wanapiga mayowe, kuna mtoto anaita baba, baba, baba, mpaka nikakereka. Baba yake yuko wapi huyo? Wengine wanazaa tu. Nukta bado haisogei. Nikajua shemeji anamchelewesha makusudi ili basi lituache. Nilipoinua kichwa, walikuwa wanashuka ngazi, nywele zimesimama. Kapengo akaja mbio, akaniuliza kama nimemwona. Nikamwambia nilikuwa namtazama muda wote.

Koti, kumbe, alimpa bibi yake kabla ya kupanda. Aliona joto. Nimelikuta kwenye benchi, simu imo, zipu mpaka mwisho.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumbani. Mke wangu kabandika picha kwenye mlango wa friji. Ni ile ambayo mashine ya Joka hupiga yenyewe kitreni kinapojitupa chini. Shemeji aliinunua, akampa Kapengo kwenye basi nilipokuwa natafuta soketi.

Shemeji kafumba macho, mwoga mkubwa. Kapengo mikono juu, pengo lote nje. Lakini hatazami mbele kama wenzake. Katazama chini, kwenye uzio. Na pale kwenye uzio, pembeni mwa picha, kuna mtu mdogo, kofia ya buluu, kichwa kimeinama. Kapengo kamchorea mshale kwa kalamu nyekundu. Kaandika: BABA YUKO HAPA.

Yule mtoto aliyekuwa akiita alikuwa wangu.

Nimesimama mbele ya friji muda mrefu. Pembeni yangu fremu ya mlango, alama za penseli zinapanda moja moja, ya mwisho kaizungushia duara. Nikaweka simu mezani, kifudifudi.

Halafu nikashtuka. Hebu ngoja! Mtoto yuko juu kule, kitreni kinaporomoka, simu hana, koti hana. Kwenye uzio tulikuwa watu zaidi ya mia. Alijuaje nilipo?

Nimeichukua simu mezani, nimempigia shemeji, nikamwuliza hivyo hivyo. Akasema taratibu kwamba mtoto alikuwa anamtafuta baba yake, alianza kumtafuta hata kabla kitreni hakijaondoka.

Sikumwuliza hilo. Nimebadilisha nywila ya simu.