Sekunde Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Juni
Aibu! Mkuu wa kitengo alisimama nyuma yangu nikifungua dirisha la amri, lile lililomo ndani ya kihariri ninachoandikia programu. Sekunde kumi na moja! Mkuu akakohoa, akatazama saa. La jirani yangu wa meza, tunayemwita Umeme, hufunguka hajainua hata kidole. Na Ijumaa mkuu anachagua nani awaonyeshe wateja kazi yetu. Mke wangu keshawatangazia mashemeji kuwa ni mimi.

Jumanne, 4 Juni
Umeme kanishauri, kwa upole wake unaoudhi, nipunguze faili la kuanzia, maana dirisha husoma yote yaliyomo kabla ya kufunguka. Kwani nilimuuliza? Faili langu lina mistari mia nne: salamu kwangu, hali ya hewa, methali ya siku, siku za kuzaliwa za wakwe. Nifute wakwe? Thubutu!

Jumatano, 5 Juni
Dawa nimeipata. Nimeandika programu ya kupima kila mstari unakula muda gani. Nikaiweka kwenye faili hilohilo. Sekunde kumi na tisa. Nilitamani kulia, kweli.

Alhamisi, 6 Juni
Liwalo na liwe. Nimefuta faili zima, wakwe na wote. Dirisha likafunguka papo hapo! Nikamwita hata dada wa usafi aje aone. Akasema hongera, akaniomba ninyanyue miguu.

Ijumaa, 7 Juni
Mbele ya mkuu, dirisha likafunguka chap. Nikaandika amri. Haijulikani. Nyingine. Haijulikani! Kumbe faili ndilo lililolionyesha dirisha zana zetu zote ziko wapi. Umeme akasogeza kiti, akaandika mistari sita, kila kitu kikaenda. Nusu sekunde. Tena akamwambia mkuu tumehangaika nalo pamoja. Mkuu akasema basi tutaonyesha sote wawili. Nimemwonea bure yule kijana wa watu.

Jumatatu, 10 Juni
Wateja wanakuja saa nne. Lakini nusu sekunde, nani ataiona? Nimeongeza mistari michache tu: dirisha likifunguka linapima kasi yake, linachora grafu, linamkaribisha kila mteja kwa cheo chake. Umeme kaniuliza kama nimegusa faili. Nikamwambia sijagusa kitu cha maana. Sasa ni saa nne kasoro dakika tano. Nimelifungua dirisha kulijaribu. Naandika haya nikilisubiri. Wateja nawasikia ngazini.